Somo: Ngumi Inayosimama (falsafa ya karate, hatua kwa hatua)

Mbukwenyi nyote.

Kila nikimaliza darasa jioni, hapa Dodoma, hakosi mtu wa kubaki nyuma akifunga begi lake taratibu, kisha anauliza: "Sensei, falsafa ya karate utatufundisha lini?" Huwa namjibu kwamba ameifanya tangu saa kumi na moja, ila hakuambiwa jina lake. Somo hili ni la kuitambua pale ilipo. Fanya kila hatua kwa mwili wako kwanza, ndipo usome inayofuata.

Unahitaji nafasi ya hatua nne kila upande, kanga moja, kamba ya kuanikia na nusu saa. Vua viatu. Kama ni uani, fagia vizuri, mbigili zetu mnazijua. Hatua ya nne ifanyie ndani, maana upepo wa huku utaiharibu.

Hatua ya 1: Tazama mikono yako

Simama, visigino pamoja, viganja wazi mbele yako. Karate ni kara na te. Te ni mkono. Kara, kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, zamani iliandikwa kwa herufi yenye maana ya China, kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi ilitoka huko. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa Shuri, hukohuko Okinawa, mwaka 1868 na kuupeleka ufundi huu Tokyo mwaka 1922, alikuwa miongoni mwa waliosimamia herufi nyingine: sauti ni ileile, maana ni "-tupu". Miaka ya 1930 ndipo maandishi hayo yaliposhika.

Kwetu, kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu. Nani anafika kwa mama mkwe mikono mitupu? Kwa hiyo mwanafunzi mgeni akisikia "mkono mtupu" anadhani ni kutokuwa na silaha tu, na hapo anaishia. Mimi humwonyesha zeze la Kigogo. Kibuyu chake kinatoa sauti kwa sababu hakina kitu ndani. Kijaze mtama, kisha usugue nyuzi kwa upinde mpaka jua lizame, hutasikia chochote cha maana. Mtu anayeingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, amejaa hasira za kazini, au amejaa kujiona, hana nafasi ya kusikia mwenzake anataka kufanya nini.

Basi taja kimoyomoyo ulichokuja nacho leo. Deni, maneno ya jirani, chochote. Usipambane nacho. Kitaje, kiache mlangoni pamoja na viatu.

Hatua ya 2: Salamu

Inama kutoka kiunoni, mgongo umenyooka, hesabu mbili, inuka. Funakoshi aliweka hili la kwanza kabisa katika maagizo yake ishirini: karate huanza kwa rei na huisha kwa rei. Rei ni adabu, ni kumtambua aliye mbele yako. Hili kwa mtu wa huku halihitaji maelezo marefu. Hupiti mbele ya mzee aliyekaa chini ya mbuyu bila kumwamkia, hata kama unawahi gari. Ukimpita kimya, umemwambia kwamba hayupo. Na mtu ambaye umeshamfanya hayupo, ni rahisi sana kumpiga.

Hatua ya 3: Pokea kwanza

Sasa kata, yaani mfululizo wa mazoezi uliopangwa. Tuchukue Heian Shodan, ya kwanza kati ya tano za Heian, hatua mbili tu. Tazama kushoto. Ngumi ya kushoto ipandishe mpaka karibu na sikio la kulia. Mguu wa kushoto uende kushoto, goti la mbele likunjwe, la nyuma linyooke. Fagia mkono wa kushoto chini, ngumi isimame kiasi cha ngumi mbili juu ya goti, na wakati huohuo ngumi ya kulia ivutwe nyongani. Hiyo ni gedan barai, yaani kufagia chini. Ndipo upige hatua kwa mguu wa kulia na kutoa ngumi ya kulia.

Rudia mara tano, ukijiuliza: kwa nini ngumi ni ya pili?

Kata zote tano za Heian zinaanza kwa mkono wa kinga. Zilitungwa na Anko Itosu, aliyeingiza karate katika shule za Okinawa, na yeye aliziita Pinan. Funakoshi akazisoma herufi zilezile Heian, jina lenye maana ya amani na utulivu. Mtoto anajifunza kupigana kwa mazoezi yanayoitwa amani, na pigo lake la kwanza linakuja baada ya kukinga. Agizo jingine la Funakoshi linasema kwa Kijapani: "karate ni sente nashi", katika karate hakuna kuanza kushambulia.

Kuna neno hapa ambalo nataka mkae nalo. Kinga nyingi tunaziita uke: age uke (mkono unapanda juu ya kichwa), soto uke (kutoka nje), uchi uke (kutoka ndani). Tumezoea kulifasiri "kuzuia", na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa miaka. Lakini uke linatokana na kitenzi chenye maana ya kupokea. Mgeni akifika na mzigo kichwani humzuii mlangoni. Unamsogelea, unaweka mikono chini ya mzigo, unaufuata uzito wake unakoelekea, kisha unautua unapotaka wewe. Fanya age uke ukifikiria hivyo, uone bega linavyolegea. Anayezuia anakaza mwili mzima na kuumia mkono. Anayepokea anabaki na miguu yake. Na hata maneno makali hupokelewa hivyohivyo, ukiwa umesimama vizuri.

Hatua ya 4: Simamisha

Hii ndiyo hatua niliyoandikia somo zima. Tundika kanga kwenye kamba, ukingo ufike usawa wa uso wako. Toa ngumi kwa kasi yako yote, isimame kabla ya kuigusa. Kipimo cha Kijapani ni sun moja, sentimita tatu hivi. Kanga itikiswe na upepo wa ngumi tu. Mara hamsini kila mkono.

Utagundua mambo mawili. Ngumi ya polepole ni rahisi kuisimamisha lakini haitikisi kitu. Ngumi ya hasira inatikisa lakini haisimami. Inayotikisa na kusimama ni ile tu yenye mwenyewe.

Mwezi Agosti 2021, fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 katika Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza. Teke lake likampata Sajad Ganjzadeh wa Iran, akaanguka bila fahamu, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa kupiga bila kudhibiti, na dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa. Watu wengi walilalamika. Mimi nasema uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu teke lile lilipita mahali ambapo karate inasimama.

Sisemi haya kwa mbali. Nikiwa mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi, nilimpasua mdomo kijana mdogo kuliko mimi. Nilisema nimechelewa kidogo tu kuzuia mkono. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa ndoo na kitambaa nifute damu sakafuni, kisha akanirudisha mbele ya kijana yuleyule, nipokee tu, nisitoe ngumi hata moja, mpaka darasa likaisha. Usiku ule ndio niliojifunza karate.

Hatua ya 5: Baki

Ukimaliza ngumi ya hamsini usishushe mikono ukageuka. Baki pale, macho mbele, pumzi tatu. Hii ni zanshin, moyo unaobaki. Mchungaji akishaingiza ng'ombe zizini haondoki papo hapo, husimama mlangoni akihesabu. Kisha inama tena, tundua kanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachuo, mkanda wa kahawia: Shikamoo sensei. Umenikalisha kahawia mwaka wa pili huu. Si tunafundishwa kwamba mkanda si kitu?

Marahaba, binti yangu. Mkanda ni kitu, ila umeuelewa vingine. Daraja za dan, yaani za mkanda mweusi, zilianza kwenye judo ya Jigoro Kano, aliyefungua Kodokan mwaka 1882. Funakoshi alizichukua na kuwapa wanafunzi wake mwaka 1924. Daraja la kwanza la mweusi huitwa shodan, na sho ni mwanzo. Nakuchelewesha mwanzo, sikuchelewesha mwisho. Ngumi yako ya kushoto bado inagusa kanga.

Dereva bodaboda, Majengo: Sensei, mtu akinijia usiku na panga, nisubiri anikate kwanza ndipo nipokee?

Hapana, kaka. Aliyeinua panga ameshaanza. Sente, yaani kuanza, inahesabiwa tangu nia ilipoonekana, haihesabiwi tangu damu itoke. Lakini kwanza mpe pikipiki. Kwanza kimbia. Usipopata njia, piga mara moja kwa nguvu zote ili upate njia, kisha kimbia. Akishaanguka ukaendelea kumpiga, wewe ndiye unayeanza sasa, na hata sheria haitakutetea kwa nguvu iliyopita hatari.

Mwanachama, Kondoa: Imani yangu hainiruhusu kumwinamia binadamu. Niache karate?

Usiache. Rei ni adabu baina ya watu, si ibada, lakini sitakulazimisha uamini hivyo kwa sababu nimesema mimi. Darasani kwangu wapo wanaoweka mkono wa kulia kifuani na kumtazama mwenzao machoni. Kinachotakiwa ni mwenzako ajue umemwona.

Mama wa mtoto wa miaka minane, Nkuhungu: Mwalimu, tangu aanze karate anawapiga wenzake shuleni. Nifikirie kumtoa.

Pole, mama. Usimtoe sasa, atatoka na ngumi bila breki. Kosa ni letu walimu pia, tunawapa watoto ngumi mapema kwa sababu ndiyo inayowafurahisha. Kwa wiki mbili asifanye pigo lolote nyumbani isipokuwa kanga ya hatua ya nne, na wewe ukae umwangalie. Halafu amfundishe mdogo wake kupokea tu. Na wale aliowapiga aende kuwaamkia mmoja mmoja, usimwombee msamaha wewe. Jumamosi mlete saa tatu, kabla wengine hawajafika, na kanga mje nayo. Nitaishika mimi, karibu na uso wangu.