Kazi ya kutunza wazee Japani: mitihani kwanza, mkataba baadaye

Tangu Aprili 2019 Japani ina viza ya Tokutei Ginō, ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu. Machi 2024 serikali yake iliweka dari ya watu 820,000 kwa miaka 5; kati yao 135,000 walikuwa wa kaigo, kazi ya kutunza wazee. Amua fani mapema: cheti cha kaigo hakikupi ruhusa ya kufanya kazi mgahawani.

Kaigo ina mitihani mitatu. Wa Kijapani cha kawaida ni mtihani wa JLPT ngazi ya N4, au mwingine uitwao JFT-Basic. Kijapani cha kaigo kina maswali 15 kwa dakika 30. Ujuzi una maswali 45 kwa dakika 60.

Kwenye N4 unahitaji alama 90 kati ya 180, lakini kusikiliza kuna kiwango chake: 19 kati ya 60. Ukipata 78 kwenye maandishi na 17 kwenye kusikiliza, jumla 95, umefeli. Wanaokariri kanji (herufi za Kijapani) tu hukwama hapo. Sauti ya mtihani huchezwa mara moja, kwa hiyo fanya mazoezi hivyo hivyo: sikiliza mara moja, andika ulichosikia, ndipo usome maandishi yake.

Kwenye ujuzi, usikariri istilahi bila kushika nguo. Chukua dakken chakkan, kanuni ya kumvisha aliyepooza upande mmoja: kuvua huanzia upande usiopooza, kuvika huanzia uliopooza. Mkono usiopooza hukunjika, hivyo ukitoka kwanza shati linalegea na ule mwingine unatoka bila kuvutwa. Ukigeuza, unaweza kumuumiza bega. Jaribu na mwenzako, shati la vifungo.

Mkataba usome katika lugha unayoielewa. Mshahara usipungue ule wa Mjapani wa kazi hiyo hiyo, na kutozwa dhamana ni marufuku; wakala anayeidai, achana naye. Uliza makato yote, yaani kodi, pensheni, bima ya afya na nyumba, maana kinachobaki mkononi ndicho mshahara wako. Ukichangia pensheni angalau miezi 6, dai rejesho ndani ya miaka 2 baada ya kuondoka.

Daraja la kwanza la viza hii kwa kawaida lina kikomo cha miaka 5, bila familia, na kaigo haina daraja la pili. Anayetaka kubaki hufanya mtihani wa kitaifa wa kaigo fukushishi (mtunzaji mwenye sifa ya kitaifa), unaodai uzoefu wa miaka 3 pamoja na kozi ya vitendo. Mtihani huo hufanyika Januari, mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tunza uthibitisho wa siku zako za kazi tangu mwezi wa kwanza.