Usimuulize mzee "Umekunywa dawa?"
Ukiwa na mzazi mwenye kisukari, muulize hivi: "Watu wengi huruka dozi mojamoja, wiki hii ipi ilikupita, na ilikuwaje?" Lile swali la "Umekunywa dawa?" hujibiwa "ndiyo" haraka, maana hakuna mzee anayetaka kuonekana mzigo. Hili humpa nafasi ya kusema, na wakati mwingine tatizo si kusahau: anakata kidonge nusu ili dawa zifike mwisho wa mwezi, anaona haya kujichoma insulini mbele ya wageni, au hakupika kwa kuwa anakula peke yake, akaacha dawa akiogopa sukari itashuka mno. Hapo unajua pa kusaidia. Kwa aliyeanza kupoteza kumbukumbu swali hili halifai. Kwake, hesabu vidonge vilivyobaki. Na asimeze dozi mbili kufidia iliyopita.