Somo: Kuifunga nyumba ising'olewe na upepo, kuanzia msingi hadi bati

Wengi wetu tunadhani paa linakaa kwa uzito wake. Bati la geji 30 lina uzito gani? Upepo ukipita juu yake unalivuta kwenda juu, na dirisha likivunjika unaingia na kusukuma kutoka ndani. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitupita Mtwara kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja ukanda wetu. Kwa hiyo anayejenga kwa hela ya korosho msimu huu asome kwanza.

1. Msingi. Simamisha nondo za mm 12 kwenye kila kona na kila makutano ya kuta kabla ya zege. Mguu wa chini upinde kama herufi L, ukae juu ya vijiwe vya zege vya sm 5, usiguse udongo. Usimruhusu fundi kumwaga zege kwanza halafu achomeke nondo kama anapanda mihogo.

2. Mkanda wa chini. Huu ni zege lenye nondo linalozunguka kuta zote juu ya msingi; wa juu unazunguka juu ya kuta. Nondo 4 za mm 12, ringi (nondo zilizokunjwa kuzizunguka) za mm 8 kila sm 20. Kwenye kona nondo zikunje na kuingia ukuta wa pili angalau sm 60. Hapa ndipo mafundi wanapoiba: zinaishia konani, zimefungwa waya tu, na zege likishamwagwa huoni kitu. Nenda mwenyewe, chuchumaa, uangalie kona zote.

3. Nguzo. Panga tofali za ukuta kwanza, acha meno (tofali zitokeze na kuingia kwa zamu) pande za nondo ulizosimamisha, kisha mimina zege katikati. Zege litang'ata tofali.

4. Mkanda wa juu. Kabla ya kumwaga, weka kishikizo cha nondo ya mm 10 chenye umbo la U kwenye kila sehemu itakapokaa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Kipite chini ya nondo za chini za mkanda, ncha mbili zibaki juu, zikumbatie mbao inayolala juu ya ukuta pamoja na kenchi. Veranda yangu ya kwanza Mikindani niliifunga kwa misumari tu. Kusi ya Julai ikaing'oa nzima. Mbao hazikuvunjika hata moja, misumari imechomoka misafi kabisa.

5. Papi na bati. Msumari uliopigwa wima kutoka juu unachomoka kirahisi. Zungusha utepe wa bati juu ya papi (mbao za kupigilia bati zinazolala juu ya kenchi), upigilie misumari ubavuni mwa kenchi, hapo upepo itabidi uukate. Pembezoni mwa paa ongeza misumari ya bati, maana huko ndiko linakoanza kufunuka.

MASWALI

Mama wa Chuno: Kaka, mimi nimeshapaua na vishikizo sikuweka. Nibomoe?

Jibu: Usibomoe, dada. Toboa mkanda wa zege kwa ndani, funga vyuma bapa kwa boliti za kutanuka, upande wa pili vishike kenchi. Usifunge kwenye tofali, litapasuka.

Kijana wa Mingoyo: Waya wa kufungia nondo ukizungushwa mara nyingi hautoshi?

Jibu: Ule kazi yake ni kushikilia nondo wakati wa kumwaga. Chumvi ya hewa yetu inaumaliza haraka.

Mzee wa Kilwa: Mchanga wa ufukweni je? Ni bure.

Jibu: Shikamoo mzee. Chumvi yake inaingia kwenye nondo, kutu inavimba, zege linapasuka na vifungo vyote nilivyoeleza vinakwisha. Nunua wa mtoni.

Kijana wa Mingoyo: Na banda la miti na udongo la bibi yangu?

Jibu: Chimbia nguzo za kona zaidi ya nusu mita, pigilia kipande cha mti mguuni kimlalo kabla ya kufukia na kushindilia mawe. Juu, boriti ifungwe kwenye panda ya nguzo, isiwekwe tu. Halafu mwambie bibi veranda ipauliwe peke yake.