Kumwandaa mtoto kwa safari ya kujifunza wakati wa baridi: Lubumbashi hadi Brussels

Mwongozo huu ni wa mzazi au mwalimu anayempeleka mtoto wa miaka 7 hadi 12 Brussels mwezi wa Desemba, aende kujifunza. Mtoto anayetetemeka hasikii anachoelezwa, kwa hiyo nguo ni sehemu ya somo. Na somo lenyewe linaanzia uani, kabla ya kupanda ndege.

Hatua ya 1: Karatasi

Ombi la viza ya Schengen (ndiyo ya kuingia Ubelgiji) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usikae ukingoja hizo siku 15. Paspoti iwe halali angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima igharamie matibabu ya kuanzia euro 30,000. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na mwalimu, andaa cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi anayebaki. Majina yafanane na ya kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike: mtaionyesha mkirudi Congo.

Hatua ya 2: Nguo, nunua Juni au Julai

Makoti mazito hujaa kwenye mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi, wakati mji wenyewe una baridi. Ukingoja Novemba, mvua imeshaanza na wauzaji wameleta nguo nyepesi. Chukua saizi moja juu, maana mtoto atakuwa ameongezeka.

Tabaka ni tatu. Ya ndani ni fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, za sufu au nailoni. Pamba hapana: hunyonya jasho, hukawia kukauka, na mwili unapoa. Ya kati ni sweta zito. Ya nje ni koti la kuzuia upepo na maji. Lijaribu palepale sokoni kwa kumwagia mkono wa koti kijiko cha maji: yakisimama matone na kuteleza, lipo sawa, yakizama, liache. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa, maana zipu mbovu ikiwa barabarani Brussels ni sawa na kutokuwa na koti.

Buti libaki na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino. Likibana, damu haipiti vizuri na vidole vinakufa ganzi. Kumvisha soksi mbili ndani ya buti dogo kunazidisha tatizo. Glavu za mfuko mmoja, vidole vikikaa pamoja, zina joto kuliko zilizogawanyika.

Kosa linalowapata wengi ni ndani, si nje. Metro (treni ya chini ya ardhi) na makumbusho yana joto. Mtoto hutoka jasho ndani ya koti, kisha anatoka nje akiwa amelowa. Koti lifunguliwe mlangoni. Kwenye gari pia livuliwe, kwa sababu unene wake unaulegeza mkanda wa kiti.

Hatua ya 3: Kijiti na kivuli

Simamisha kijiti cha sentimita 20 wima kabisa, juu ya ubao uliolala sawa. Kati ya tarehe 11 Desemba na siku ya kuondoka, siku yoyote yenye jua, pima kivuli saa 6:10 mchana. Lubumbashi kitakuwa kama sentimita 4 tu. Mtoto aandike namba kwenye daftari na achore.

Brussels rudieni kipimo hichohicho saa 6:40 mchana kwa saa ya huko. Kivuli kitafika sentimita 71 hivi. Hapo ubao unahitaji uangalifu mkubwa: ukiinama nyuzi 1 tu kuelekea kivuli kinakoanguka, au upande wa pili, jibu linapotea kwa karibu sentimita 5. Mawingu ni mengi Desemba, kwa hiyo mkiona jua siku ya kwanza, pimeni siku hiyo.

Usimpe jibu mapema. Muulize kwanza kwa nini Brussels kuna baridi. Wengi husema jua liko mbali, kumbe mwanzoni mwa Januari ndipo dunia iko karibu zaidi na jua, kama kilomita milioni 147. Washa tochi wima juu ya karatasi, kisha ilaze: doa linapanuka na kufifia. Mhimili wa dunia umeinama, kwa hiyo Desemba mwanga wa jua huifikia Brussels kwa mshazari kama tochi iliyolazwa, na mwanga unaoangukia mita moja ya mraba Lubumbashi, Brussels unatandazwa kwenye mita 3.6.

Hatua ya 4: Ratiba

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 10:40 jioni. Mambo ya nje yafanyike kati ya saa 5 na saa 9. Sehemu moja kwa siku inatosha. Makumbusho ya sayansi asilia yana mifupa ya iguanodon (aina ya dinosaria) iliyopatikana Bernissart, Ubelgiji, mwaka 1878, mita 322 chini, na wachimba makaa ya mawe. Mtoto wa mji wa migodi ataelewa upesi. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, tarehe 25 Desemba na 1 Januari.

Hatua ya 5: Afya

Mtoto mwenye selimundu (SS) aonane na daktari kabla hujalipia tiketi: baridi na upungufu wa maji huamsha maumivu makali. Mwenye pumu, dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwako, si kwenye sanduku. Vidole vikifa ganzi, viwekwe kwapani. Visisogezwe kwenye kipasha joto, maana havisikii vikiungua.

Homa ikitokea huko, usiiite mafua. Malaria ya kutoka nyumbani inaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Mwambie daktari, kabla ya neno lingine, kwamba mmetoka Congo, na uombe kipimo cha damu siku hiyohiyo.