Namna ya Kuandaa Timu za Taifa Mwenyeji kwa Olimpiki ya Majira ya Baridi

Maandalizi yaanze miaka mitano kabla ya mashindano, au zaidi, kwa kuwa uwenyeji peke yake hauleti medali. Kanada iliandaa Olimpiki ya majira ya joto Montreal mwaka 1976 na ya majira ya baridi Calgary mwaka 1988, na mara zote mbili ikamaliza bila dhahabu hata moja. Ilipopewa uwenyeji wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver 2010, ilianzisha mwaka 2005 mpango wa Own the Podium, wa kuwafadhili wachezaji wenye nafasi ya kushinda medali, ambao unafaa kuigwa, ingawa si kwa kila jambo.

Andika lengo kwa usahihi kabla ya kugawa fedha. Kanada ilitaka kuongoza kwa jumla ya medali, lakini ikawa ya tatu kwa medali 26, nyuma ya Marekani na Ujerumani, huku dhahabu zake 14 zikiwa nyingi kuliko za nchi yoyote. Fedha zielekezwe kwa wenye uwezo wa kushinda, na vigezo vitangazwe mapema, maana vyama vitakavyopata kidogo vitalalamika tu.

Faida kubwa kuliko zote ni kiwanja. Njia ya barafu ya Whistler, karibu na Vancouver, iliyotumika mwaka 2010, ina kona 16, na sleji (chombo cha kuteleza kwenye barafu) hupita humo kwa kasi inayozidi kilomita 140 kwa saa, kiasi kwamba mchezaji hana muda wa kufikiri. Mwili wake sharti uwe umeshaijua kila kona. Kwa hiyo kiwanja kikamilike mapema, wenyeji wakitumie kwa misimu kadhaa, katika saa zilezile za mashindano, na makocha wapige picha za video kwenye kona zinazosumbua. Jon Montgomery wa Kanada alishinda hapo hapo dhahabu ya skeletoni, mbio za sleji ambazo mchezaji hulala kifudifudi, kichwa kikiwa mbele.

Hata hivyo, wageni wasibaniwe. Tarehe 12 Februari 2010, Nodar Kumaritashvili, mchezaji wa sleji wa Georgia, alifariki akifanya mazoezi katika njia hiyo, na Kanada, ambayo tayari ilikuwa ikilaumiwa kwa kuwapa wageni muda mfupi, ililaumiwa zaidi. Muda wa mazoezi unaowekwa na kanuni za kimataifa uchukuliwe kuwa kiwango cha chini tu; kwa maoni yangu, medali inayotegemea mgeni kutoijua njia ya hatari haifai kutafutwa.

Hali ya hewa nayo ipangiwe. Katika mlima wa Cypress, karibu na Vancouver, theluji ilipungua mwaka 2010 hadi ikaletwa kwa malori na helikopta, kwa hiyo timu ifanye mazoezi pia kwenye theluji laini yenye maji.

Mwisho, shinikizo la nyumbani lipunguzwe kwa utaratibu: mahojiano yawe na saa maalumu, na tiketi za ndugu na jamaa zishughulikiwe na ofisi ya timu, si na mchezaji mwenyewe.