SOMO: Kupanga sehemu ya kushonea mablanketi ya viraka nyumbani (someni kabla ya kuuliza)

Maswali ni yale yale kila mwezi: meza iwe na urefu gani, pasi ikae wapi, mbona cherehani inaruka mishono. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nachukulia una chumba cha futi 10 kwa 10 au kona ya sebule, cherehani moja, na unaunga viraka vya vitenge kuwa blanketi. Gauni linavumilia meza mbovu. Blanketi la kilo mbili halivumilii.

1. Dirisha. Linaloangalia kaskazini au kusini. La mashariki au magharibi lina jua la kukuchoma macho na kupausha vitambaa. Mwanga utoke kushoto, kwa sababu mwili wa cherehani uko kulia kwa sindano. Taa ikikaa kulia unashonea kwenye kivuli.

2. Sakafu. Nyumba zetu nyingi za mlimani hapa Mwanza sakafu zake hazijalala sawa. Weka pima maji juu ya meza, panapopungua chomeka kipande cha mbao. Boksi lililokunjwa usitumie, mtikisiko unalibonyeza na ndani ya wiki meza inayumba tena.

3. Mbao. Plaiwudi moja ya mm 18, futi 4 kwa 8 (sm 122 kwa 244), inatosha kila kitu. Kata sm 90 upande wa urefu: hicho kipande cha 122 kwa 90 ni meza ya cherehani. Kinachobaki ni karibu 154 kwa 122. Toa 154 kwa 75, hiyo ni meza ya kukatia. Kitenge kina upana wa kama sm 115, ukikikunja mara moja ni 57 na ushee, kwa hiyo kinaenea. Utepe unaobaki usiutupe, ni rafu na ni sehemu ya hatua ya 4.

Meza ya kukatia: simama, kunja kiwiko, pima sakafu hadi kiwiko, toa sm 10. Wengi wanaangukia 85 hadi 95. Ukikatia kwenye meza ya chakula ya sm 75 mgongo utakwambia kabla ya saa moja.

4. Kuzamisha cherehani mezani. Hapa ndipo watu wanaharibu mbao, kwa hiyo soma polepole.

Cherehani ndogo ya umeme ikikaa juu ya meza, sehemu inayopita kitambaa inakuwa juu ya meza kwa sm 7 hadi 10. Blanketi linapanda hicho kilima halafu linaning'inia pembeni. Uzito wake unavuta kitambaa, meno yaliyo chini ya sindano yanashindwa kukisogeza, hatua za mshono zinakuwa fupi na ndefu bila mpango, sindano inapinda inagonga bamba la chuma lililo chini yake inavunjika. Wewe unadhani ni uzi, unaanza kuzungusha skrubu ya kukaza uzi, na sasa una matatizo mawili.

Dawa ni kukata tundu mezani na kuweka rafu chini yake, ili uso wa cherehani na uso wa meza viwe sawa. Pima kutoka chini ya vile viraba vya miguu ya cherehani hadi uso wa kushonea, ukiwa umekiacha kile kisanduku cha vifaa kinachochomoka kwenye cherehani mahali pake. Chora tundu kwa kufuata kitako cha cherehani, ongeza mm 5 kila upande. Usichore kwa kuitazama kutoka juu, maana kichwa na kitako haviko sawa. Kulia ongeza nafasi ya gurudumu la mkono na plagi ya pedeli. Kushoto ongeza nafasi ya vidole viwili vya kutolea bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), halafu uizibe kwa kipande cha plaiwudi kinachotoka na kurudi.

Tundu lisikae katikati. Acha sm 15 hadi 20 mbele yako, sm 50 nyuma na sm 60 kushoto, ndipo blanketi linapolala. Kulia utabakiwa na kama 20, inatosha mkasi.

Rafu usiipigilie misumari. Ining'inize kwa boliti nne za mm 8, kila moja na nati juu na chini ya rafu, ili uipandishe au kuishusha. Mm 1 ukikosea unaisikia kwenye mshono. Kwa boliti unairekebisha kwa spana, kwa misumari unanunua mbao nyingine.

Tahadhari ya magoti: meza ya sm 75, toa 9 za cherehani, toa 1.8 za rafu, toa 2 za boliti. Zinabaki 62. Meza ya 70 itakubana mapaja, na ukishakata hakuna kurudi. Kaa kwenye kiti chako, pima hadi juu ya mapaja, ndipo ukate. Ukingo wa tundu upige msasa hadi soksi ya nailoni ipite bila kunasa.

5. Pasi. Ubao wa sm 40 kwa 60, blanketi kuukuu la sufi mikunjo miwili juu yake, kisha kaniki au marekani iliyobanwa kwa stepla chini. Sponji ya godoro usiweke, inayeyuka, na kabla haijayeyuka inabonyea na kuvuta viraka vyako. Uuweke kulia kwako, urefu sawa na meza, ugeuke tu na kiti.

6. Umeme. Pasi ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 4, cherehani haifiki hata nusu ampea. Pasi iende kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja. Kwenye ekstensheni weka cherehani na taa tu.

7. Ukuta wa kupangia. Tundika blanketi la manyoya mafupi, m 1.5 kwa 2. Viraka vya pamba vinashika bila pini. Piga picha kwa simu kabla ya kuvitoa.

8. Vitambaa na uzi. Kwenye kabati au ndoo yenye mfuniko, mbali na jua.

MASWALI

Igoma_Mitindo: Kaka somo zuri. Sasa ninunue cherehani gani?

Jibu: Somo ni la meza.

MamaWaNyakato: Habari fundi. Mimi ninayo ya miguu ya zamani, nayo nikate meza?

Jibu: Hapana mama, usiiguse. Ile imeshazama tangu kiwandani, uso wake uko sawa na meza, ndiyo maana inafaa sana kwa mablanketi kuliko hizi ndogo. Kinachokosekana ni upana. Chukua kipande cha plaiwudi kama kile kilichobaki hatua ya 3, kiunge kushoto kwa bawaba mbili na mguu mmoja wa kukunja, na nyuma sogeza meza yoyote yenye urefu ule ule. Mkanda kaza kiasi: ukiuminya kwa kidole ubonyee kidogo. Ukikaza sana miguu inachoka, ukilegea unateleza ukifika penye mishono inayokutana.

kijana_buhongwa: nimeweka juu ya meza ya kawaida uzi unakatika nifanyeje

Jibu: Sindano namba ngapi? Ina muda gani? Umesoma hatua ya 4?

kijana_buhongwa: sijui namba, ilikuja na cherehani

Jibu: Basi itoe. Vitenge weka 14, ukifika kwenye matabaka matatu (viraka, kijazio cha katikati na kitambaa cha chini) weka 16, badilisha kila baada ya kama saa nane za kushona. Halafu hatua ya 4.

Ziwa_na_Uzi: Naomba kuelewa hilo la dirisha. Mafundi wote mjini wanakaa mlangoni na hawachagui upande.

Jibu: Swali zuri. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita jua liko karibu utosini mwaka mzima. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini kwa nyuzi kama 26, mwezi wa kumi na mbili kusini kwa kama 21. Paa likitokeza sm 60 tu linazuia hilo jua la juu lisiingie dirishani, unabaki na mwanga wa anga usiobadilika. La mashariki na magharibi linakuja likiwa chini, paa halilizuii. Fundi wa barazani anahamisha cherehani kivuli kikihama. Wewe umeshakata tundu.

Ziwa_na_Uzi: Wabeja sana. Na usiku? Huku Kirumba nikiwasha taa wale wadudu wadogo wa ziwani wanajaa kwenye kitambaa cheupe.

Jibu: Wengi huibuka siku za kuzunguka mwezi mwandamo, hizo siku shona mchana. Usiku funga dirisha, taa kubwa zima, baki na taa ndogo ya LED iliyoinamia sindano. Waliotua usiwafute kwa mkono, wanapondeka na kuacha doa. Kung'uta kitambaa nje.

Fundi_Mkolani: Naongezea: sumaku ya spika mbovu, igundishe chini ya ukingo wa meza. Pini zinashika juu, mtoto hakanyagi.

Jibu: Hiyo naichukua. Kwa plaiwudi ya mm 18 tafuta ya spika kubwa, ndogo haivuti kupita mbao.

Igoma_Mitindo: Viraka vyangu vimechujisha rangi vikaharibu vyeupe, ni sabuni?

Jibu: Ni kutofua kabla ya kukata. Kila kitenge kipya kata kona, ilowanishe, ibanie kwenye kitambaa cheupe na pasi ya moto. Rangi ikihamia, fua peke yake na urudie jaribio. Ikiendelea kuhama hadi mara ya tatu, hicho shonea mfuko.