Thaimu ya porini: anza na shina, pua iwe ya mwisho

Wengi wakifika kwenye nyasi za mlimani kutafuta thaimu, mmea mdogo wa kiungo, huchuma jani, hulifikicha, hunusa, basi wakaridhika. Hapo ndipo wanapopotea. Mafuta ya thaimu hubadilika hata ndani ya spishi moja: kichaka kimoja kina ukali wa thimoli, ule wa dawa ya kusukutulia, na cha jirani kinanukia limau. Tena vidole vikishashika mmea mmoja wa manukato, kila utakachogusa baadaye kitanukia hivyohivyo. Vifute kwa nyasi mbichi kabla ya kujaribu tena.

Angalia kwanza mahali. Thaimu hupenda jua kali, udongo mchache juu ya mwamba au changarawe, na nyasi fupi zilizoliwa na mifugo. Vichuguu vya sisimizi vilivyoota nyasi ni pa kukagua kila mara. Kwenye nyasi ndefu hukosa mwanga ikafa.

Sasa piga magoti. Mmea hutambaa kama mkeka, kwa kawaida hauzidi sentimita 10 kwenda juu, na mashina ya chini ni magumu kama vijiti. Majani yana urefu wa milimita 4 hadi 10, kingo hazina meno, nayo hukaa jozi jozi, kila jozi ikikingamana na iliyo chini yake. Inua jani moja ulitazame kinyume na jua: utaona vitone vidogo, ndivyo vifuko vya mafuta.

Shina la ua ndilo lenye siri. Chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 na utazame kipande kilicho chini tu ya kichwa cha maua. Vinyweleo vikizunguka pande zote, ni Thymus serpyllum. Vikiwa kwenye pembe nne tu na bapa zikabaki tupu, ni Thymus pulegioides. Vikiwa kwenye pande mbili zinazotazamana, halafu vikahamia pande nyingine baada ya kifundo (pale majani yanapotokea), ni Thymus polytrichus. Hizo ni za Ulaya. Anayetafuta kiungo cha mchuzi tu anaweza kuruka hatua hii, maana zote tatu huliwa.

Ua lenyewe ni la waridi au zambarau. Kikombe chake cha kijani kina midomo miwili: wa juu una meno 3 mafupi, wa chini meno 2 marefu membamba yenye nywele.

Za kuchanganya nazo? Oregano, kiungo kingine, husimama wima, sentimita 30 na zaidi, na majani yake ni makubwa mno kwa thaimu. Clinopodium alpinum, mmea wa jamii ya mnanaa, hutambaa vilevile, lakini harufu yake ni hafifu na kikombe cha ua kimevimba chini upande mmoja. Ya kuogopwa ni Mentha pulegium, aina ya mnanaa wa porini: ina pulegoni, sumu ya ini. Hukaa penye unyevu, hunukia mnanaa mkali, na maua yake hujipanga mafungu mafungu kuzunguka shina, yakiachana nafasi. Ukiona tope chini ya magoti yako, usichume.

Ukishathibitisha, na eneo si hifadhi, kata kwa mkasi theluthi ya juu umande ukishakauka, maua yanapoanza kufunguka. Usivute: mizizi ni mifupi, na mkeka mzima hung'oka na udongo wake.